Sinema Niliyoitafsiri Ukweni

Najua mnachochekea, msijifanye mnakohoa. Leo nitaisimulia mwenyewe ile habari ya sinema ya Bweranyange, maana kila anayeisimulia anaitia chumvi yake, na sasa chumvi imezidi mboga. Juzi nimemsikia mtu pale gulioni akisema eti nilikimbia bila suruali, jambo ambalo si kweli, suruali ilikuwa mwilini mwangu tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa magotini ilichanika. Aibu niliipata, hilo sikatai. Lakini mtu akiaibika afadhali aibike kwa yale aliyoyafanya kweli, na niliyoyafanya yanatosha kabisa.

Miaka ile Mwingereza alikuwa bado yupo, ingawa tulianza kusikia kwamba anafunga mizigo. Mimi nilikuwa fundi cherehani Omurushaka, kwenye baraza ya duka, kijana mwenye tepu shingoni na maneno mengi kuliko nguo za wateja. Nilikuwa nimeposa Bweranyange, kwa mzee Rwamugira, binti yake anaitwa Domitila, ambaye sitamsifia hapa kwa sababu yuko chumba cha pili na anasikia. Posa yenyewe ilikuwa imekwama katikati. Mshenga wangu, mjomba Gervazi, alikuwa amekwenda na kurudi, amekunywa rubisi, pombe ya ndizi ya watu, mpaka wakamzoea, lakini mzee hakusema ndiyo wala hakusema hapana, alikuwa akisema tu, "Tunamtazama kijana." Ninyi hamjui mateso ya kutazamwa. Nikipita njia ya Bweranyange hata kupiga chafya nilikuwa naogopa, isije ikasemwa kwamba fundi ana kifua.

Basi siku moja likaja gari la sinema la serikali. Lilikuwa likizunguka wilaya nzima kufundisha watu kupanda kahawa, kuogesha ng'ombe na kuchimba vyoo, na mwisho, ili watu wasione wamesomeshwa tu, inatiwa picha moja ya kuchekesha. Msimamizi wake alikuwa bwana mmoja wa Tanga, Hamisi, mtu mnene mwenye kicheko kinachoanzia miguuni. Shuka lao kubwa la kuoneshea picha lilikuwa limechanwa na miiba huko walikotoka, akaja barazani kwangu nilishone. Nikalishona vizuri (naomba mkumbuke hapo, nililishona vizuri, maana baadaye watu walisema mshono ndio ulioleta balaa, na mshono wangu haukufumuka hata uzi mmoja). Nikamuuliza wanaelekea wapi, akasema Bweranyange.

Nikaweka mkasi chini. Akaniambia tatizo lake ni kwamba wazee wengi wa huku Kiswahili hawakisikii sawasawa, na mkalimani wao amebaki kitandani na homa, kwa hiyo anatafuta mtu wa kutafsiri kwa Kinyambo kwenye kipaza sauti.

"Mtu huyo unaye mbele yako," nikamwambia.

"Umewahi kuona sinema?"

"Bukoba nimeziona zote."

Bukoba nilikuwa nimefika, na jumba la sinema nililiona. Nililiona kwa nje.

"Basi vizuri," akasema Hamisi, "kwa sababu hii ya mwisho haina maneno, ni kijana na mpenzi wake na vituko vyao, watu wanaanguka tu. Mtu asiyeijua hawezi kuieleza."

"Hiyo naijua kwa kichwa," nikasema.

Sasa niwaeleze hesabu zangu, mnielewe. Nilijiona nimesimama mbele ya Bweranyange nzima na kipaza sauti mkononi, sauti yangu inasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na mzee Rwamugira, aliyekuwa akinitazama miezi yote ile, sasa atakuwa na kitu cha kutazama kweli. Nilivaa koti langu jeusi. Nikajipaka mafuta mpaka nzi wakaniteleza.

Tulipofika uwanjani nikafanya jambo moja ambalo wazee walinisifu sana, na hilo nalo ndilo lililokuja kunimaliza. Mnajua kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia migombani mpaka mwenzake apite, na hata jina lake hulitaji (mimi mpaka leo sijalitaja, na msiniulize). Sasa nitasimamaje mbele ya watu wote, taa ikanimulika, na yeye ameketi pale ananiona na mimi namwona? Nikamwambia Hamisi lile shuka lake si zito, picha inaonekana pande zote mbili, kwa hiyo wakwe zangu wakae upande wa nyuma na watu wengine wakae upande wa mbele, na shuka liwe ukuta kati yetu. Hamisi akashangaa kidogo, kisha akasema ni sawa, watakachoona ni kilekile, ila mtu wa kushoto atakuwa kulia.

Jambo hilo likapendeza. Ta Kabunga, mzee aliyekuwa akiheshimiwa kuliko wote kijijini kwa sababu hajawahi kusifia kitu chochote, alinitazama akasema, "Angalau ana adabu." Nikakaribia kulia kwa furaha. Mama mkwe na wanawake wa nyumba yake wakaketi juu ya nyasi nyuma ya shuka, nami nikageuka kabisa wakati wanapita. Mzee Rwamugira mwenyewe akasema hawezi kubanana huko mbele na watoto wa watu, akaagiza kiti chake kiwekwe hukohuko nyuma, karibu na migomba, akaketi na kanzu yake nyeupe ya sikukuu. Domitila alikaa mbele pamoja na wasichana wenzake, mahali ninapoweza kumwona bila kugeuza shingo.

Giza lilipoingia injini ikanguruma, tukaanza. Picha ya kahawa niliitafsiri vizuri. Ya samadi niliitafsiri vizuri zaidi, nikaongeza na mawaidha yangu kidogo kuhusu kuchanganya majivu, wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nyuma ya shuka nikasikia mzee Rwamugira akisema, "Kijana anajua mambo." Ndugu zangu, laiti ningeitwa nyumbani saa ile nikaambiwa baraza ya duka inaungua, leo ningekuwa mtu wa heshima Karagwe nzima.

Ikaingia ile ya mwisho. Akatokea kijana mwembamba, kofia ndogo, maua mkononi, anatembea kama aliyekanyaga moto. Watu wakaanza kucheka hata kabla sijasema kitu. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa dogo, kosa la kutaka kupendeza. Nilitakiwa niseme, "Huyu ni kijana wa Ulaya." Badala yake nikasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni fundi cherehani wa Omurushaka, anakwenda Bweranyange, kuna binti amempenda."

Uwanja ukaangua kicheko. Wasichana wakamsukuma Domitila, akajifunika kanga usoni. Hata Ta Kabunga midomo ilicheza. Nikajiona nimefika, nikasahau kwamba hiyo picha siijui inakokwenda.

Ilikokwenda ni mlangoni. Kijana akabisha, mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja mnene, na mimi kwa ulimi wangu huu, bila kusukumwa na mtu, nikasema, "Na huyu ndiye mama mkwe."

Kicheko kikakatika. Kwa sababu yule kijana, badala ya kuruka kando na kujificha penye maua, alimtazama yule mama machoni. Akavua kofia. Akamshika mkono, akautingisha. Mwanamke mmoja mbele akamwita mama yake kwa Kinyambo, "Mawe," polepole, kama mtu aliyeona nyoka kapita. Kisha mama akarudi ndani, akatoka na keki kubwa nyeupe, kijana akakanyaga utelezi, akamwangukia mama yule mzimamzima, wakalala chini wote wawili na keki usoni mwa mama.

Nyuma ya shuka mzee Rwamugira akakohoa. Kikohozi kile nilikijua, ndicho alichomkoholea mjomba Gervazi siku ile alipochelewa.

Nikapata akili ya haraka, na akili ya haraka ndiyo adui yangu mpaka leo. "Samahani," nikasema, "nimekosea. Si mama mkwe. Huyu mama ni shangazi yake kijana, dada wa baba yake kabisa."

Watu wakapumua. Kumwangukia shangazi ni utovu wa adabu lakini hakuna mkosi, unasamehewa. Nikajifuta jasho. Basi hapo ndipo binti akatoka ndani, mrembo, akamkumbatia yule mama, akamfuta keki usoni, akambusu, na hata kipofu angejua kwamba huyu ni mama na huyu ni mwanawe. Na kijana akapiga goti mbele ya binti, akamshika mkono.

Ta Kabunga akainua fimbo yake. "Fundi," akasema kwa sauti ya utulivu, "huyo binti ni nani kwa huyo shangazi?"

Nikajifanya nakung'uta kipaza sauti.

"Tuseme ni mtoto wake," akaendelea Ta Kabunga. "Kijana anamposa binti wa shangazi yake. Huko Omurushaka siku hizi mnaoana ndugu?"

"Hamposi, waitu, mzee wangu," nikasema. "Anamwomba maji. Ametembea kutoka mbali."

Picha ikasubiri nimalize kusema, kisha kijana akambusu binti mkono. Nikasema anashukuru kwa maji. Akambusu shavuni. Nikasema maji yalikuwa baridi sana. Wavulana waliokuwa wamekaa juu ya ukuta pembeni mwa uwanja wakaanza kushikana mbavu, lakini wazee walikuwa wamekaa kimya kama wako kanisani, na Domitila alikuwa ameondoa kanga usoni ananitazama kwa macho ambayo sikuyapenda.

Sasa akatoka baba mtu, na bunduki. Akaanza kumkimbiza kijana, wanazunguka nyumba, wanapanda ngazi, ndoo ya rangi inamwagika, mbwa anashika suruali. Ikabidi nieleze kwa nini mtu anakimbizwa kwa bunduki kwa sababu ya kuomba maji, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, kwa sababu tulikuwa tumetoka kwenye picha ya kahawa, nikasema, "Kumbe kijana alikuwa mwizi wa kahawa, alikuja kupeleleza ghala."

Hebu niwajumlishie sasa nilipofikia. Nimewaambia watu wa ukweni, kwa kipaza sauti cha serikali, kwamba fundi cherehani wa Omurushaka huangukia wanawake wazima, hubusu ndugu zake na huiba kahawa. Na fundi cherehani wa Omurushaka nilikuwa mmoja tu.

"Basi tumejua," akasema Ta Kabunga.

Cha ajabu, nyuma ya shuka kulikuwa na mtu anacheka. Kicheko cha chinichini, cha kujizuia, cha mtu aliyetia kanga mdomoni. Sikujua ni nani na sikuwa na nafasi ya kumfikiria. Nikamgeukia Hamisi pale kwenye mashine, nikamwambia kwa Kiswahili, "Ndugu yangu, zima." Hamisi machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema, "Nizime ndiyo kwanza inakolea?" Nikaona nimfuate palepale nizime mwenyewe. Nikazunguka kwa haraka, na waya wa kipaza sauti ulikuwa umezunguka nguzo ya shuka, mimi sikuuona. Nilipoona waya unanirudisha, nikavuta. Uliporudisha tena, nikavuta kwa hasira. Nguzo ikang'oka.

Mshono haukufumuka. Lilikuja shuka zima, na kamba zake, na nguzo, nami nikakanyaga kamba, ikanigeuza, nikaenda nalo, kichwa mbele, upande wa nyuma, upande wa wakwe. Nikaangukia kitu laini, na chini ya shuka kile kitu kikasema, "Uuwi, mbavu zangu," na sauti hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi kutoka nyuma ya ukuta wa matete, ikiagiza wageni wapewe kahawa ya kutafuna. Yeye ndiye. Nilikuwa nimemlalia mama mkwe.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi nilisema, "Mama mkwe, samahani." Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. Bonde zima likasema, "Mama mkwe, samahani." Ng'ombe wa watu waliokuwa wamelala wakaamka.

Na mashine haikuzimwa. Mwanga wake ulipokosa shuka ulipita moja kwa moja mpaka kwenye migomba, na mbele ya migomba alikuwa amesimama mzee Rwamugira, ameinuka kitini kwa hasira, na kanzu yake nyeupe. Picha ikatua juu yake. Hiyo niliambiwa baadaye, maana mimi wakati huo nilikuwa napambana na kamba. Niliambiwa kwamba yeye mwenyewe hakuona kitu, taa ilimpiga machoni, akawa anauliza kuna nini, kuna nini, na kila akiuliza ananyoosha mikono huku na huku, na kanzu inatanuka, na picha inakuwa kubwa zaidi. Uwanja ukalia kwa kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena maishani. Watu walianguka chini. Mimi nikadhani wananicheka mimi, nikajitoa kwenye kamba, nikaingia mashambani nikakimbia, na ndipo magoti ya suruali yalipochanika.

Gari la sinema lilinikuta njiani natembea kuelekea Omurushaka, kipaza sauti nimekishika bado, na kipande cha waya kinaburutika. Hamisi akanipakia. Nikamuuliza kilichotokea kwenye kanzu ya mzee. Akaanza kunieleza, akacheka, akasimamisha gari, akatoka nje akacheka, akarudi, akaanza tena. Mpaka tunafika hakuwa ameniambia.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Habari zilinitangulia kila mahali, na watu hawakuisema sinema vizuri. Walisema haina mafunzo. Walisema ni picha ya watu wasio na mshenga, nyumba ambayo mgeni anapokewa kwa kupigwa chakula usoni, na katika watu wote wale hakuna aliyeshika jembe hata mara moja. Hamisi alivuka na gari lake kwenda upande wa Kyerwa, na huko akakuta wazee wamekwisha kuikataa kabla ya kuiona, wakamwambia walisikia ina ile ya samadi, hiyo ndiyo wanayoitaka, awaoneshe mara mbili.

Mimi sinema ilikuwa hainiumi. Nilikuwa namfikiria Domitila. Mjomba Gervazi alikuja na ujumbe kwamba Jumapili nafika kwa mzee Rwamugira, posa inakatwa au inapokewa, siku hiyohiyo, na kwa sura yake mjomba niliona hakuna haja ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Nilijaribu kushona, nikashona mkono wa shati shingoni. Niwaambie ukweli, nilikuwa nampenda yule msichana mpaka kula kulinishinda, na kumpoteza kwa sababu ya keki ya Mzungu niliona ni dhambi.

Jumapili tukaenda. Mzee Rwamugira alikuwa ameketi na Ta Kabunga na wazee wengine wachache. Nikapiga goti nikaamkia, shikamoo zikaitikiwa kwa ubaridi. Tukakaa. Kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho mgeni huletewa kabla hata hajapumua, hakikuja. Nyuma ya ukuta wa matete nilisikia mtu akisogeza vyungu, nikajua mama mkwe yupo hapo anasikiliza.

Ta Kabunga akaanza kuichambua sinema, na aliichambua kama mtu anayenyofoa manyoya ya kuku. Kijana hana ukoo. Baba mtu anaacha mlango wazi. Bunduki inachezewa mbele ya wanawake. "Na mtafsiri," akasema, "alikuwa mbaya kuliko picha."

Mzee Rwamugira akainua mkono. "Hayo nimeyasikia," akasema. "Mimi nina neno langu. Tangu siku ile, kila ninakopita watu wananitazama tumboni. Nimekwenda kanisani, wanakwaya wamenitazama tumboni wakashindwa kuimba. Nimemuuliza mwanangu, amekimbia. Nimemuuliza mke wangu, anasema yeye alikuwa chini ya shuka. Kuna kitu kilionekana kwenye kanzu yangu. Fundi, kilikuwa nini?"

"Sijui, tata, baba yangu," nikasema. "Nilikuwa nimekwisha kukimbia."

Akawatazama wazee mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa alipata shughuli na kidevu chake.

Mwishowe Ta Kabunga akakohoa. "Rwamugira," akasema, "ilikuwa harusi."

"Harusi?"

"Harusi kamili. Padri alisimama hapa," akagusa kifua chake mwenyewe kumwonesha, "kijana upande huu, binti upande huu. Na baba wa binti amekwisha kuweka bunduki chini, analia, anamkabidhi mtoto. Na wewe ulikuwa umenyoosha mikono yote miwili juu yao. Bweranyange nzima iliona ukiwabariki. Sisi tulicheka kwa furaha tu."

Wazee wengine wakatazama chini, kisha mmoja akasema ni kweli, na mwingine akasema padri alikuwa mrefu.

"Mtafsiri alisema kijana yule ni fundi wa Omurushaka," Ta Kabunga akaendelea, kwa upole ambao sijawahi kumwona nao tena. "Kwa hiyo sijui utamkataaje mtu ambaye umekwisha kumwozesha mbele za watu. Mimi picha ile siipendi. Lakini niliyoyaona niliyaona."

Mzee Rwamugira akajitazama tumboni muda mrefu. Alikuwa amevaa shati.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya matete, haikumsemesha mtu yeyote, ilikuwa inavisemesha vyungu. "Na yule mama aliyeangukiwa," ikauliza, "huko mwishoni alipewa nini?"

Mjomba Gervazi ni mshenga kweli. Hakusita hata kidogo. "Alipewa shuka," akasema.

"Moja?"

Mjomba akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa aongeze.

"Mashuka, na blanketi," akasema mjomba, "na kijana alimshonea gauni."

Chungu kimoja kikafunikwa. "Basi hiyo sinema ni nzuri," mama mkwe akaviambia vyungu, "sijui kwa nini mnaisema vibaya. Mimi nilicheka peke yangu huko nyuma mpaka aliponiangukia." Na mkono ukatokea pembeni mwa ukuta wa matete, ukasukuma kikapu cha kahawa.

Mimi na Domitila tukaoana. Mashuka nilinunua, blanketi nilinunua, gauni nilishona kwa kupewa kipimo cha kamba, maana kumpima mwenyewe ilikuwa haiwezekani. Mzee Rwamugira siku ya harusi alikataa katakata kuvaa kanzu nyeupe, akaja na koti la kaki alilofunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Haikupita muda Hamisi akapita tena Omurushaka na gari lake, nikamwambia nashukuru Mungu ile filamu iliishia kwenye harusi. Akaniangalia kama naumwa. "Harusi ipi?" akasema. "Ile haina harusi. Mwisho wake kijana na binti wanabusiana, tena mdomoni, tena kwa muda mrefu, mpaka taa inazimika. Tumboni kwa mkweo walitosha kabisa, vichwa na vyote."

Nikafunga safari mpaka Bweranyange, nikamkuta Ta Kabunga anapalilia, nikamwambia nimeambiwa ukweli. Hakuacha jembe.

"Wewe ulitafsiri vibaya," akasema. "Mimi nilisahihisha. Na ukifungua mdomo wako tena nitamwambia mkweo ilikuwa ile ya samadi."

Sikufungua. Mzee Rwamugira amekufa miaka ya karibuni, Mungu amrehemu, akijua kwamba alituozesha mara mbili, na hakuna mtu Bweranyange aliyethubutu kumpunguzia moja. Mimi niliapa, na kiapo bado nakishika. Leo ukikaa karibu yangu kwenye sinema ukaniuliza yule ni nani na yule ni mke wa nani, nakwambia simjui, tazama mwenyewe.